Kujibu Mbele ya Bodi

Simu ya kaka yangu ilinikuta nimezamisha mikono yote miwili kwenye karai la matumbo ya ng'ombe. Wakati huo nilikuwa na kibarua katika bucha moja pale Majengo, Meru, kazi ya kuosha matumbo na kuyakata kabla wateja wa mchana hawajaanza kujaa. Simu ilikuwa juu ya rafu, karibu na mizani. Ikalia, ikanyamaza, ikalia tena.

"Binti, pokea simu," akasema mwenye bucha.

"Ni kaka yangu, mzee. Atapiga tena."

"Ameshapiga tena."

Mzee huyo alikuwa Mwislamu wa pale pale Majengo, mtu wa taratibu sana. Akisalimiwa na mtu anayepita barabarani alikuwa anaacha kupima nyama, anainua kichwa, anaitikia salamu hadi mwisho, ndipo anarudi kwa mteja. Siku moja mteja alilalamika, naye akamwambia kwamba kusalimia ni hiari ya mtu, lakini ukishasalimiwa, kuitikia ni lazima. Nililipenda neno hilo. Nilikaa nalo siku kadhaa.

Nikanawa mikono, nikashika simu.

"Uko wapi?" kaka akauliza. Watu wa nyumbani huanza nami hivyo, kwa sababu mara nyingi hawajui.

"Kazini. Majengo."

"Si ulikuwa Nchiru?"

"Nilikuwa."

"Haya. Sikiza. Tunaenda bodi ya ardhi wiki ijayo. Lile shamba la mama, nimepata mtu wa kulinunua. Wanataka watoto wote wafike, hata wasichana. Siku hizi ni sheria."

"Nifike nifanye nini?"

"Kujibu tu. Watakuuliza kama unakubali, useme ndiyo, halafu urudi Meru yako."

Mimi niliacha shule darasa la saba. Baba alikuwa amefariki, mbuzi walikuwa na kiu, mto ulikuwa mbali na mimi nilikuwa na miguu mirefu. Sikulia. Ila nilibaki na ugonjwa wa kutaka kujua vitu, na sijawahi kuupatia dawa. Nimefanya kazi za kila aina kati ya Embu na Meru, nikizichoka moja baada ya nyingine. Nimechambua viazi na ndizi katika soko la Gakoromone, nimeuza uji, nimelea mtoto wa mtu, nimefua nguo za wanafunzi wa chuo pale Nchiru. Kila mahali nilikuwa natoka na neno jipya moja au mawili, mara nyingi zaidi kuliko nilivyotoka na shilingi.

Neno la kwanza la Kiingereza ambalo nililijua vizuri ni "answer". Mwalimu wetu alikuwa analisema amesimama juu ya kichwa chako, fimbo nyuma ya mgongo. Answer! Kwa muda mrefu niliamini maana yake ni simama uogope. Baadaye sana, nikifua nguo Nchiru, msichana mmoja aliyekuwa anasomea ualimu alinifungulia kamusi kwenye simu yake, nami nikalitafuta neno hilo wakati mashuka yake yakiloweka. Nikakuta kumbe Waingereza wametia vitu vingi katika gunia moja. Swali wanalijibu kwa neno hilo, simu nayo hivyo hivyo, mlango ukibishwa, maombi yakifika kwa Mungu, barua, hata jina lako ukiitwa. Halafu chini kabisa kulikuwa na maana nyingine: kubeba dhamana ya jambo lililotendeka, likikosewa ukaulizwa wewe. Nikamwambia yule msichana, "Hawa watu hawachoki na hili neno?" Akasema, "Mathe," kama wanafunzi wanavyomwita kila mama, "wewe maliza kufua, jua linaenda."

Sisi mlango tunaufungua. Simu tunaipokea. Tukiitwa tunaitika. Swali ndilo tunalolijibu, na hata hilo, kwetu Mbeere, huko chini kwenye joto la Embu, mtu mzima halikimbilii.

Mama yangu hasa. Aliolewa katika boma ambalo mwanamke hakumwambia mwanamume hapana waziwazi, akajitafutia njia yake. Ukimwomba jambo asilolitaka hakatai. Anakutazama kwa upole, kisha anauliza, "Umekula?" Hilo ndilo jibu lake. Halafu anaweka sufuria motoni na mazungumzo yanaishia hapo. Wanawake wengi wa rika lake huko chini wana mtindo huo, ila mama ameufanya kuwa ukuta. Watu wa familia moja walipokuja kunitaka niolewe na mtoto wao, nikiwa bado msichana, walieleza nia yao kwa maneno mazuri ya kuzunguka. Mama akawauliza kama wamekula. Walilishwa muthokoi wa mahindi yaliyokobolewa na kuku, wakashiba kabisa, wakarudi kwao bila msichana. Kaka naye alipokuwa kijana alitaka mbuzi auzwe anunue redio. Bado namsikia akilalamika nyuma ya jiko: "Nimekula, mama! Nimekula! Sijauliza chakula!"

Kwa hivyo nilipofika nyumbani siku ya kuamkia bodi, sikuwa na haja ya kuuliza mara mbili. Nilimkuta anapeta kunde kwenye kivuli cha nyumba. Joto la huko chini lilikuwa linanisubiri, lile la kukukalia mabegani kama mtoto mkubwa anayekataa kushuka. Tukasalimiana. Akanipangusa vumbi usoni kwa kona ya leso yake, ingawa mimi sasa nina mvi.

"Mama," nikasema, "unataka hili shamba liuzwe?"

Akapeta. Maganda yakaruka.

"Umekula?" akauliza.

"Nimekula njiani."

Akaenda kuwasha moto.

Nilikaa pale nikitazama shamba. Si kitu cha kumwonea mtu wivu. Ni udongo mwekundu na mawe, mtama upande mmoja, ndengu na mbaazi upande wa pili, korongo lisilo na maji sehemu kubwa ya mwaka. Baba amezikwa karibu na uzio wa miti ya miiba. Mama amekuwa akiamka hapo tangu alipoletwa akiwa bibi harusi, na kwa sauti yake tu unaweza kujua yuko sehemu gani ya shamba, maana huwa anaongea na mimea kama watu wanaomchelewesha.

Kaka alikuja jioni kwa pikipiki, akiwa na mkate na majani ya chai. Ni mkubwa wangu. Anaishi Embu mjini na familia yake, anafanya kazi ya kuchomelea vyuma, na macho yake yamekuwa mekundu siku zote kwa sababu hiyo. Tulikaa nje sisi wawili, mama akiwa jikoni.

"Umemuuliza?" nikasema.

"Nimemuuliza."

"Akasema nini?"

Akavuta kijiti, akachora kitu ardhini, akakifuta. "Dada, mimi nimechoka. Kila mwezi nateremka huku na maji kwenye pikipiki. Mwaka jana alianguka pale korongoni, majirani wakanipigia. Wewe tulikupigia ukawa haupatikani. Kwangu kuna chumba, kuna maji ya mfereji, kuna hospitali. Atakaa na wajukuu. Nafanya vibaya?"

"Hufanyi vibaya."

"Halafu na wewe sitakuacha. Nitakujengea kibanda Nchiru, karibu na hosteli. Cha mabati, chenye mlango. Uuze chai yako, uache kuzunguka kama upepo. Huchoki, wewe?"

Nilikuwa nachoka. Nilikuwa nachoka kiasi kwamba aliposema "chenye mlango" nilikiona: kufuli lake, rafu yake ya vikombe, mimi nimekaa ndani kwenye kiti changu na wanafunzi wakisema mathe, chai mbili na chapati. Nilikuwa nimefika umri ambao mtu akilala kwenye chumba cha kupanga anasikia mgongo ukimuuliza mambo. Ndiyo moja tu kesho, na hayo yote yangekuwa yangu.

Mama akatuletea chakula. Tulikula wote watatu bila kuzungumza habari ya shamba. Alizungumza juu ya ndege waliokuwa wameanza kuonekana kwa wenzake wa ng'ambo ya korongo, na ya mjukuu mmoja aliyeota meno.

Bodi ilikaa katika ukumbi wa mabati karibu na ofisi za serikali. Watu walijaa kwenye mabenchi wakiwa na nguo za kanisani, kila familia imebanana upande wake, na wanunuzi wamekaa kidogo mbali kama wakwe. Mbele kulikuwa na meza ndefu. Mwenyekiti alikuwa afisa kijana, mgeni katika sehemu zetu, na pamoja naye wazee wa eneo na mama mmoja mwenye miwani. Familia zilikuwa zinaitwa moja moja, zinasimama, zinaulizwa.

Familia iliyotutangulia ilikuwa na watoto wengi. Mwenyekiti akauliza, "Mnakubali baba auze?" Wakaitikia kwa pamoja, "Ndiyooo!"

"Hapa si darasani," mwenyekiti akasema. "Nauliza mmoja mmoja."

Ukumbi ukacheka. Wakaulizwa mmoja mmoja, kila mmoja akasema ndiyo kwa sauti ndogo kuliko ile ya kwanza.

Kisha tukaitwa sisi. Mama akasimama katikati, kaka kulia kwake, mimi kushoto. Mnunuzi akasimama pembeni. Alikuwa mtu mnene wa Embu mjini, mwenye kofia safi na tabia nzuri, aliyetaka kupanda muguka, yale majani ya kutafuna kama miraa.

"Mama," mwenyekiti akasema, "hili shamba ni lako?"

"Ni langu."

"Na unataka kumuuzia huyu bwana?"

Mama akamgeukia mnunuzi. Akamtazama kuanzia kofia mpaka viatu, bila chuki yoyote, kama anayemtazama mgeni aliyefika kwake amechoka.

"Nyinyi mmekula?" akauliza.

Kicheko kikapita kwenye mabenchi. Mnunuzi akavua kofia. "Asante sana, mama. Tumekunywa chai hapo nje."

Mwenyekiti naye akatabasamu. "Huyu mama ana roho nzuri. Anamkaribisha mnunuzi chakula kabisa. Basi, naona kwa upande wake hakuna shida."

"Hakuna, mheshimiwa," kaka akasema haraka. "Ndivyo anavyoongea. Amekubali."

Nikamtazama kaka. Hakunitazama. Mzee mmoja wa bodi, mtu wa huko huko kwetu, mwenye kofia ya sufi hata kwenye joto lile, alikuwa amekunja uso akitazama meza. Alijua. Nusu ya ukumbi walijua, ndiyo maana vicheko vya nyuma, vya wanawake wazee, vilikuwa tofauti na vya mbele. Lakini nani angesimama na kumweleza afisa kwamba mwanamke ameulizwa habari ya ardhi akataja chakula, na kwamba hapo amekataa?

Yule mzee akakohoa. "Mwenyekiti, muulize tena. Asikie vizuri."

"Mama, sema tu ndiyo au hapana. Unakubali?"

Mama akapanga leso yake begani. "Jua limekuwa kali leo," akasema. "Na hawa watu wametoka mbali. Wapewe kitu."

"Sawa, sawa," mwenyekiti akasema, akicheka. "Tuendelee na watoto. Wewe mzee?"

"Nakubali," kaka akasema.

"Na wewe, mama?" Alikuwa ananiuliza mimi.

Ningependa kusema kwamba niliwaza mengi. Sikuwaza. Nilikuwa na ndiyo tayari mdomoni, nyepesi. Kando yangu mama alikuwa amesimama wima, mikono imeshikana mbele, hanitazami wala hanigusi. Alikuwa ameshasema lake mara mbili. Kwake mambo yalikuwa yamekwisha. Nikaona kwamba anasubiri turudi nyumbani akafanye palizi, kwa sababu amewakatalia watu na amewakatalia kwa heshima. Hakujua kwamba shamba linaondoka.

"Mheshimiwa," nikasema, "mama amekataa."

Waliokaa nyuma wakanyanyuka kuona.

"Sijasikia akikataa," mwenyekiti akasema.

"Sisi tumesikia. Akiuliza kama umekula, amekataa. Ni hivyo tangu tukiwa watoto. Muulizeni kaka yangu."

Kaka akavuta pumzi kwa pua. Mzee wa kofia ya sufi akainamisha kichwa polepole, akikubaliana nami, lakini hakufungua mdomo.

Mwenyekiti akaweka kalamu chini. Hakukasirika, nampa haki yake. "Mama, mimi nimemuuliza mzazi wako na nimeandika alivyosema. Sasa nakuuliza wewe. Si habari ya mama. Wewe, kama mtoto wake, unakubali au hukubali?"

Hapo ndipo nilipotamani angeendelea kuuliza habari ya mama. Kumsemea mtu ni rahisi, ni kama kubeba mzigo wa jirani mpaka kwenye njia panda. Huu ulikuwa wangu.

"Sikubali," nikasema.

"Sababu?"

"Anaishi pale."

Nilitafuta sababu nyingine yenye urefu kidogo, sikuipata.

Mama mwenye miwani akamnong'oneza mwenyekiti. Wakaongea kidogo kwenye meza. Kisha mwenyekiti akasema bodi haiwezi kutoa idhini familia ikiwa haijapatana, twende tukaongee nyumbani, na kama tutapatana turudi. Akaita familia nyingine.

Nje, kaka alinivuta hadi kwenye ukuta penye kivuli chembamba.

"Umefurahi?"

"Ulijua alichosema."

"Najua!" Macho yake mekundu yalikuwa yamejaa. "Nimejua kabla hujazaliwa! Unadhani mimi ni mgeni kama yule afisa? Lakini yeye akikataa, nani anabeba maji? Wewe? Wewe ambaye hata simu tunakuomba ushike?"

Nikasogea kidogo, naye apate kivuli.

"Haya," akasema. "Umejibu vizuri, watu wote wamekusikia. Akianguka tena korongoni nitawaambia majirani wampigie yule aliyejibu."

"Wanipigie."

"Kutoka Majengo? Uruke kama kunguru?"

"Nitakaa."

Nilipotamka hilo nilishtuka, kwa sababu sijawahi kulisema mahali popote. Kaka naye alishtuka. Akanitazama kwa muda, akitafuta mzaha, asiupate. Kisha akaenda kwenye duka la jirani akamnunulia mama soda na mandazi, akamfungulia soda kwa meno, akaondoka na mnunuzi wake wakiwa wanaongea kwa sauti ya chini. Yule bwana wa kofia alirudi hatua chache kumpa mama mkono. Mama akaupokea kwa mikono miwili.

Tulipokuwa tunatembea kwenda nyumbani nilidhani atasema kitu juu ya yaliyotokea. Tulipita shule, tukapita kisima kilichokauka. Alikula andazi moja, lingine akalifunga kwenye leso.

"Kaka yako amekonda," akasema. "Yule mke wake anampa nini?"

Niliitafuta shukrani katika maneno hayo, hata kidogo tu. Haikuwemo. Nadhani kwa mama hakukuwa na kitu cha kushukuru: alikuwa amekataa mwenyewe na watu wakasikia.

Mwenye nyumba wangu wa Majengo alinipigia baada ya wiki mbili, mwanamke mkali lakini si mbaya. Nikapokea kwenye mlio wa kwanza.

"Wewe, chumba hiki unarudi au nimpe mtu? Kuna kijana anakitaka."

"Mpe."

"Na vitu vyako?"

"Godoro mpe huyo kijana. Nguo niwekee."

"Umeolewa?"

"Niko kwa mama."

"Aa," akasema. "Basi pole. Au hongera. Sijui."

Hata mimi sijui. Kaka hajateremka tangu siku ile. Anampigia mama moja kwa moja, wanaongea juu ya wajukuu, na mama akimaliza anakata bila kunipa. Maji nayateka mimi. Punda wa jirani tunamwazima, na asipopatikana mgongo wangu unafanya kazi ya punda. Asubuhi nyingine naamka na barabara yote iko kwenye nyayo zangu, naona lori linateremka mbali na vumbi lake, najua kabisa mahali pa kulisimamishia. Nakaa kitandani mpaka sauti yake iishe.

Ndege wamefika kwenye mtama. Wanakuja alfajiri, wengi, wadogo, wanatua kwa pamoja na suke linainama. Mama amenipa upande wa korongoni niulinde, yeye amechukua upande wa kaburi. Nimepanda juu ya kichanja cha miti, nina kopo la mawe na kamba ya makopo iliyofungwa hadi mwisho wa shamba. Nikivuta, wanaruka hadi kwenye uzio. Nikipumzika, wanarudi. Sauti yangu imeshakauka kwa kuwapigia kelele na jua ndio kwanza linachomoza.